Mfalme Aliyeshushwa kwa Ngazi

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka mezani kwetu sebuleni. Mama amelala chumbani kwa sababu leo ni Jumapili na chekechea wamefunga. Hajambo. Bado anarudi na chaki kwenye nywele na bado anawaita watu wote "watoto", hata mlinzi wa getini mwenye mvi. Mimi nimemaliza mitihani, matokeo bado. Wakati nasubiri nimepata kazi kwenye duka la fotokopi lililo jengo la pili kutoka letu. Mwenye duka tunamwita Mama Fotokopi. Yeye huongea, mimi hubana karatasi, kwa hiyo tunaelewana.

Ulisema nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu nasema "ndiyo" na "sijambo", halafu nanyamaza mpaka salio lako linaisha. Nisamehe. Maneno yangu huja nikiwa nimeshakata simu. Kwenye karatasi yanapata muda wa kufika.

Bahasha yako imefika. Nimesoma kurasa zote za toleo la kwanza, mara mbili. Nilijua unachora vitabu vya katuni, lakini sikujua kuwa sasa unachora nchi nzima ya Afrika ambayo haipo, yenye mfalme na walinzi na watu wanaoruka juu ya majumba. Shujaa wenu Ngao anapendeza. Anapofungua viganja na risasi zikasimama hewani, nilifungua vyangu pia, nikiwa peke yangu.

Umeuliza kama nchi hiyo inafanana na kwetu. Ni nzuri sana. Michoro ni mizuri sana. Rangi ni nzuri sana.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


2 Februari

Konokono wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mgongo ndio unanidai kwa kuinamia meza. Chumba changu kina baridi na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na huo ukuta nimeshauchora mara nyingi kuliko uso wangu.

"Nzuri sana" mara tatu! Mgeni akisifia chakula mara tatu bila kuongeza sahani, mpishi anaelewa. Sikukutumia kurasa ili unisifie. Hapa ofisini tuko wengi, na mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa Afrika. Wakitaka kujua mlango unafunguliwaje Afrika wananigeukia mimi, kana kwamba bara zima lilinilea kwa zamu. Nami nimeondoka siku nyingi. Nahitaji jicho la mtu aliye nyumbani, na jicho lako nalijua tangu ulipokuwa unajificha nyuma ya mlango ukituangalia wakubwa. Sema ukweli. Kwenye karatasi hakuna atakayekuona ukiona haya.

Umeandika kuwa Mama hajambo. Nilitafuta sentensi nyingine baada ya hiyo, sikuiona. Haya. Msalimie, ikiwezekana.

Shangazi yako


24 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako nimemfikishia Mama. Alikuwa anakata karatasi za rangi kwa ajili ya watoto wake wa chekechea. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kukata.

Umeniambia niseme ukweli, nami nimechelewa kwa sababu nilikuwa nautafuta usio mkali. Sikuupata. Huu ndio.

Katika nchi ya Ngao hakuna mtu aliyechoka. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa. Wote wamesimama wima, hata wazee, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Hakuna aliyeanika nguo. Hakuna anayemtania mwenzake, na kwetu watu wawili hawashuki ngazi bila kutaniana. Mfalme akifungua mdomo anahutubia, hata anapomwomba mkewe maji. Malkia amevaa shanga za watu wa huku, kilemba cha watu wa kule, na usoni ana chale za watu wengine kabisa, kama mtu aliyevaa gizani katika nyumba ya wageni. Na zile ngoma! Shangazi, anayezipiga mchana kutwa anakwenda kazini saa ngapi?

Mama Fotokopi hakubaliani nami. Aliziona kurasa juu ya mashine akasema, "Huyu dada anapigana msituni na viatu vya visigino? Mwache! Angalau mmoja wetu apendeze."

Nilimwambia nchi yenyewe ni ya kubuni.

"Na tamthilia zangu za jioni ni za kweli? Nchi kama hiyo ningehamia kesho asubuhi. Ila sijaona duka la fotokopi. Watu wa huko hawana vyeti?"

Kwa hiyo sijui nani yuko sawa. Nchi isiyokuwepo haiwezi kukosewa, mtu anaweza kusema hivyo. Lakini nilipofunga bahasha sikuwa nimemkumbuka mtu yeyote ninayemjua, na nilidhani ningemkumbuka angalau mmoja.

Usikasirike.

Mtoto wa kaka yako


20 Machi

Konokono,

Nikasirike? Nilicheka mpaka jirani yangu wa meza akavua vile vya kusikilizia muziki masikioni. "Hawana vyeti?" nimeibandika ukutani mbele yangu. Mwambie Mama Fotokopi duka lake nimelijenga, toleo la tatu, nyuma ya sokoni. Na ukurasa wa tisa kuna mwanamke anaanika nguo, vita vinapita juu ya kamba yake, naye anamkaripia Ngao kwa kumwangushia shuka. Ofisini wamempenda kuliko mfalme. Huyo umemleta wewe.

Lakini nami nijitetee kidogo. Mimi na baba yako tulisoma vitabu vya aina hii mpaka vikaachia kurasa. Humo watu kama sisi walikuwa wezi au wabeba mizigo, au hawakuwemo kabisa. Baba yako alikuwa anachukua kalamu ya wino anawapaka mashujaa nyuso na mikono ili na sisi tuwemo. Alichapwa, maana kitabu kilikuwa cha maktaba. Sasa leo mtu ananipa nafasi ya kumchora mtu wetu amesimama wima, naogopa kumkalisha chini. Naogopa watamwona amechoka waseme, si tulijua. Ndiyo maana wote wamesimama. Sikuwahi kulisema hili kwa mtu.

Sasa jambo lenyewe. Katika toleo la nne mfalme mzee anafariki. Kurasa za mazishi ni zangu, sita nzima. Nataka mazishi ambayo mtu wa kwetu akiyatazama hatayacheka. Niandikie watu wa huko wanazikaje. Mengi yamenitoka. Niandikie tu yale uliyoyaona wewe mwenyewe.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Matokeo bado. Mashine ya duka iliharibika, fundi akaja, akala machungwa ya Mama Fotokopi, akaondoka, mashine ikabaki vilevile.

Kuhusu ulichoniomba. Mazishi niliyoyaona mimi mwenyewe ni ya mtu mmoja tu, nawe unajua ni ya nani. Sikutaka kuandika bila ruhusa, kwa hiyo nilimsomea Mama barua yako, sehemu hiyo. Alikuwa anapanga sahani. Alipanga zote mpaka ya mwisho, ndipo akasema, "Mazishi ya mume wangu si katuni."

Nikasema ni ya mfalme.

"Basi akazikwe na wafalme wenzake."

Kwa hiyo siwezi. Unaweza kuchora watu wengi na viti vya kuazima, visivyofanana. Viti havifanani popote palipo na msiba. Hilo nadhani ninaruhusiwa.

Samahani sana, Shangazi.


28 Mei

Mwanangu,

Nimechelewa. Kazi zilikuwa nyingi, halafu hazikuwa nyingi, ila sikuandika.

Usiombe samahani. Mama yako ana haki. Tutapata njia. Mkuu wetu wa kazi anataka ngoma na mioto mikubwa mlimani. Pia wamemwajiri mshauri, mama mmoja tunamwita Daktari kwa sababu ni daktari wa mambo ya tamaduni. Si mtu mbaya. Amesoma kuliko sisi sote, na ndiye aliyewazuia kuwavalisha walinzi ngozi za chui. Yeye anasema mazishi ya Kiafrika ni jambo la jamii nzima, lazima lisikike. Sijui. Natoa karatasi, naweka penseli juu yake, penseli haiendi.

Nina vitu vidogovidogo tu vya kukuuliza, ambavyo havina ubaya, kwa ajili ya mchoro. Kulikuwa na mvua au jua? Mlangoni alisimama nani? Walimbeba kwa mikono au mabegani? Na miguuni, mfalme alivaa nini? Alivaa soksi?

Ukiona haifai, usijibu.

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo kwenye mfuko wa aproni ya kazini mpaka imelainika. Nilikuwa nikitoa nakala za vyeti vya watu nawaza swali lako la mwisho. Mfalme wenu anatembea peku tangu toleo la kwanza. Umemchora wewe. Hajawahi kuwa na soksi. Anayevaa soksi ni Baba.

Tangu mwaka jana hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje, nami sikukwambia. Nilidhani hutaki kusikia. Sasa naona ulikuwa unatafuta mlango wa kuingilia, na ulioupata ni huu wa mfalme. Basi ingia. Mama sijamwambia kuwa nakuandikia. Nitamwambia nikishatuma, kwa sababu nikimwambia kabla nitanyamaza.

Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na jua la kawaida kabisa na watu wa chini walikuwa wanaosha gari.

Alivaa soksi, zile nene za kahawia. Mama alizichagua kwa sababu miguu yake ilikuwa ya baridi siku zote, kwa sababu ya kushinda ndani ya mashimo ya lifti. Moja ilikuwa na tundu kisiginoni. Mama aliigeuza ili tundu lisionekane, halafu akasema hapana, akaivua, akaiziba kwa uzi, na watu wote wakasimama wakimsubiri amalize.

Mlangoni hakusimama mtu. Lilisimama shada lako la maua. Lilikuwa pana kuliko mlango, halikuingia, wakaliegemeza ukutani nje kwenye korido. Lilikuwa na utepe wa dhahabu. Waliokuja walidhani limetoka kwenye kampuni. Najua kwa nini hukuja, kwamba vibali vyako vilikuwa bado mikononi mwa watu, na ungetoka usingeruhusiwa kurudi. Mama naye anajua. Lakini alipoliona shada alisema, "Ametuma maua badala ya miguu," na ndiyo sababu hapokei simu zako. Nimeliandika kwa sababu umeniambia niseme ukweli.

Sasa kumbeba. Unajua tunakaa ghorofa ya nne. Lifti ya jengo letu ilikuwa nzima, Baba mwenyewe ndiye aliyeitengeneza mara ya mwisho. Mafundi wenzake walikuja na ovaroli zao, maana walipewa ruhusa ya asubuhi tu na mchana walikuwa na zamu. Msimamizi wao, yule mrefu ambaye Baba alikuwa akimwita Nguzo, alitoa futi mfukoni akapima jeneza, akapima lifti. Alipima kwa mazoea, kama wanavyopima kila kitu. Akasema litaingia tu likisimamishwa wima.

Mama akasema, "Hasimamishwi. Amesimama kazini maisha yake yote. Leo analala."

Nguzo akarudisha futi mfukoni. Akasema, "Haya vijana, ngazi."

Ngazi zetu hazina madirisha, na taa zake zinajizima zenyewe ukikawia. Kwa hiyo mimi nilitangulia kuziwasha, ghorofa kwa ghorofa. Niliwasikia kuliko nilivyowaona. Walibeba mikononi, siyo mabegani, kwa sababu dari ni fupi.

Baba aliwahi kunieleza kwamba wakiwa ndani ya shimo la lifti hawaonani, mmoja yuko juu na mwingine chini, kwa hiyo wana sheria. Mtu akisema neno, mwenzake lazima alirudishe lilelile, ili ijulikane limesikika. Asiporudisha, hakuna anayegusa kitu. Siku ile walifanya hivyo. Sidhani kama walipanga. Kwenye kona za ngazi wa nyuma hamwoni wa mbele, basi wakaingia kwenye mazoea ya kazi. Nguzo anasema, "Shusha." Wanajibu, "Shusha." "Simama." "Simama." "Geuza taratibu." "Geuza taratibu."

Majirani walikuwa wamefungua milango yao. Ghorofa ya tatu, yule bibi anayegombana na kila mtu kuhusu takataka alisikia "Simama," akajibu, "Simama." Mtu wa mlango wa pili naye akajibu. Wakati wanapita ghorofa ya kwanza, ngazi nzima ilikuwa inajibu, Shangazi, juu na chini, watu ambao hata jina lake hawakulijua. Hakuna aliyekuwa analia kwa sauti. Walikuwa wanarudisha maneno tu, ili asidondoke.

Mimi nilikuwa chini na kidole kwenye swichi. Nilitaka kujibu na mimi. Sauti haikutoka.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Yaweke kwa mfalme wako au usiyaweke. Sikuyaandika kwa ajili yake.

Mtoto wa kaka yako


30 Julai

Mwanangu,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido ya posta, nikairudia nikiwa nimekaa chini kwenye korido hiyohiyo. Sitasema zaidi. Nashukuru.

Nilizichora kurasa zote sita. Mfalme anashushwa kutoka mnarani kwake na mafundi wanaoutunza mnara, wamevaa nguo za kazi. Binti mmoja anatangulia na taa. Watu wako milangoni mwao, na kila neno la mafundi linarudishwa. Ngao yumo. Nguvu zake zote hazina kazi, anabeba kona moja kama wengine. Hakuna ngoma.

Nilipozitandika mezani, Mkuu alizipitia moja moja mpaka ya mwisho, nikadhani zimepita. Kisha Daktari akasema kwa upole kwamba ni nzuri, zinagusa, lakini si za Kiafrika. Wasomaji watajiuliza mila iko wapi. Akasema jambo hili lingeweza kutokea popote duniani.

Nikamwambia, "Halikutokea popote. Lilitokea kwetu."

"Ni mila ya watu gani?"

Nikasema, "Ya mafundi wa lifti."

Wengine walicheka. Walidhani natania. Daktari hakucheka, aliandika kitu, na nadhani alielewa. Lakini kuelewa kwake hakukubadilisha uamuzi. Mkuu alisema nizichore upya na ngoma na mioto. Nikakataa. Sikupiga kelele, nilisema tu hapana, mkono hautaki. Zikapewa mtu mwingine, naye ni mchoraji hodari, amemaliza haraka. Mlima unawaka vizuri mno. Mwanamke wangu wa nguo yupo pale kwenye umati, wamemvalisha kinyago.

Mimi nimehamishwa. Sasa nachora majengo, yaani nachora madirisha, na watu wa kuishi humo wanachorwa na wengine. Jina langu nimeomba liondolewe kwenye toleo la nne. Waliliondoa siku hiyohiyo.

Nakutumia kurasa zangu. Ni zile zenyewe, sina nakala. Msizitundike. Mahali nilipokosea, jueni nilichora kwa kusikia.

Mwambie mama yako kuhusu shada. Nilimwambia mwenye duka anipe lililo kubwa kuliko yote. Sikujua kitu kingine cha kumwambia.

Shangazi yako


26 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Matokeo yametoka, nimefaulu. Siyo kwa kishindo, lakini nimefaulu, na Mama alinipeleka kwa watoto wake wa chekechea wakanipigia makofi. Nilitamani sakafu inifiche.

Toleo la nne limefika hata huku. Mteja mmoja alilisahau juu ya kaunta, na Mama Fotokopi alilisoma lote kabla mwenyewe hajarudi. Alisema mazishi ni ya kifahari, na kwamba akifa na yeye awashiwe mlima. Sikubishana naye. Anayempenda mfalme anastahili kumzika anavyotaka. Ila nilijua kuwa yule aliyezikwa pale simjui.

Kurasa zako zilifika siku iliyofuata. Mama nilishamwambia tangu Juni kuwa nimekuandikia. Hakunigombeza. Alikaa karibu wiki nzima, ndipo akaniuliza nikiwa napiga mswaki, "Ulimwambia kuhusu ngazi?" Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. "Na soksi?" Ndiyo. Akatoka.

Zilipofika niliziweka mezani nikaenda jikoni, kwa sababu sikuweza kukaa. Nilimsikia akivuta kiti. Nilimsikia akigeuza ukurasa, halafu akirudi nyuma. Nilikuwa nimeshika kikombe ambacho nilishakiosha. Kisha akaniita. Nilidhani analia, lakini alikuwa ameshika penseli yake nyekundu, ile ya kusahihishia, hajaigusisha karatasi.

"Huyu ni nani?" akauliza. Alikuwa anamwonyesha yule binti mwenye taa.

Nikasema nadhani ni mimi.

"Wewe hukuwa na uso huu. Tulipofika chini ulikuwa umefumba macho." Akaugeukia ukurasa mwingine. "Nguzo amempatia. Amempatiaje, hajawahi kumwona? Na yule bibi wa takataka, mdomo wake huohuo. Lakini hapa siyo. Hapa siyo hata kidogo."

Nikamwambia unaweza kurekebisha, tukikuandikia.

Akasema, "Nipe hiyo barua yako."

Nimemwachia nafasi iliyobaki. Sijaisoma, nitaifunga kwenye bahasha kama ilivyo.

Mtoto wa kaka yako


Wifi,

Mtoto alitangulia na taa, hakuona. Mimi nilikuwa nyuma yao. Kwenye kona ya ghorofa ya pili walimgonga ukutani, upande wa miguu. Nguzo alisema "Simama" na wote wakarudisha, halafu yeye mwenyewe akashindwa kusema neno linalofuata. Tukasimama pale, taa ikazimika, mtoto akaiwasha tena kutoka chini bila kujua. Mwisho nikasema mimi, "Shusha." Wakarudisha.

Rangi ilibanduka pale, na mwenye jengo hajapaka mpaka leo. Alama ni ndogo kama kiganja. Naipita kila siku nikienda kazini na nikirudi.

Ukurasa wako wa nne, ukuta ni msafi mno. Chora upya. Halafu uje, uangalie mwenyewe kama umepatia.